Shokapu za Mama Cherehani

Mama mkwe wangu alianguka na pikipiki siku ya soko, akishuka mteremko ulio nyuma ya kiwanda cha matofali, na hata vumbi halijatulia habari zilikuwa zimeshamfikia wifi yangu saluni kwake. Hakuumia sana. Mkono wa kushoto uliteguka kifundoni, goti likachubuka, kioo kimoja cha pembeni kikapasuka. Lakini simu zilivyozidi kupigwa ndivyo ajali ilivyozidi kukua. Wifi alimpigia shangazi yao, shangazi akampigia mume wangu aliyekuwa safarini na lori, na habari iliponifikia mimi nyumbani, mama alikuwa ameanguka, amezimia, ameokotwa na wapita njia, na pikipiki ilikuwa imemlalia kifuani. Simu ilikuwa bado sikioni nilipomwona anaingia getini, akiisukuma hiyo hiyo iliyomlalia. Aliomba maji ya kunawa, kisha akauliza kama chai imebaki.

Watu wanamwita Mama Cherehani. Si kwamba anashona. Kushona hajui kabisa, na gauni lake likifumuka huniletea mimi. Yeye anatengeneza vyerehani. Kazi hiyo aliianza kwa kumbebea marehemu mume wake mfuko wa vifaa, akimshikia tochi na kumpa bisibisi, na baba mkwe alipofariki watu walikuja kutoa pole, na wengine wakauliza, kwa aibu kidogo, nani sasa atawatengenezea mashine zao. Alisema ni yeye. Alianza kwa miguu, ikaja baiskeli, na alipofika umri ambao wenzake walikuwa wanaanza kuulizia fimbo, alinunua pikipiki nyekundu, akafungiwa sanduku la mbao nyuma, akajifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira huku vijana wakishangilia kila alipozimikiwa na injini. Siku hizi amepita sabini. Cherehani ni kitu kizito na mafundi nguo wametawanyika, kwa hiyo mashine haziji kwake. Yeye ndiye anayezifuata.

Mume wangu aliporudi safari alipitia kwanza saluni. Mimi sikuitwa kwenye kikao hicho, ila najua kilichozungumzwa, kwa sababu kilifika nyumbani kikiwa kimeshaiva. Pikipiki iuzwe. Mama ahamie kwa wifi, ambako chumba kilishapakwa rangi, kitanda kimetandikwa na televisheni imetundikwa ukutani mkabala na mto, asipate hata tabu ya kugeuza shingo. Mume wangu aliutoa ufunguo wa pikipiki kwenye msumari nyuma ya mlango, akautia mfuko wa shati, ndipo akakaa kumweleza mama yake, taratibu, kwa sauti ile anayoitumia kwa askari wa barabarani. Alimwambia wanampenda. Alimwambia mwili una mipaka yake. Alimwambia amechoka kuendesha lori moyo ukiwa juu juu, kila simu ikilia anadhani ndiyo hiyo.

Mama alikuwa anakula. Alitafuna, akameza, akauliza mnunuzi ni nani. Akaambiwa ni muuza maziwa wa mtaa wa juu, na kwamba atakuja Jumapili asubuhi kuichukua.

"Sawa," alisema, akaongeza mboga.

Mume wangu alifurahi jinsi jambo lilivyokwisha kirahisi. Mimi hiyo "sawa" nilishaisikia, siku fundi mmoja wa nguo alipomwambia cherehani chake kimekufa na anakipeleka kwa watu wa chuma chakavu. Mama alisema sawa, akakaa chini, akakifungua, na kinashona mpaka leo.

Kesho yake, mume wangu akiwa yadi ya malori, mama aliniita uani. Alitaka nipande pikipiki, nishike breki ya mbele, niulalie usukani kwa uzito wangu wote kisha niachie. Nikaulalia. Mbele kulizama mpaka mwisho kwa mlio wa chuma kugonga chuma, na nilipoachia kulirushwa juu kukayumbayumba. Akanishusha, akachuchumaa mbele ya yale mabomba mawili manene yanayoshika tairi la mbele, ambayo mafundi huyaita shokapu.

"Pitisha kidole hapa."

Nikapitisha. Shokapu ya kulia ilikuwa na mstari mweusi wa oili iliyoshikana na vumbi. Mstari ule uliteremka ubavuni mpaka chini, palipofungwa breki. Akaniambia nipitishe kidole kwenye diski yenyewe, ile sahani ya chuma inayobanwa ili tairi lisimame. Kidole kiliteleza kama nimegusa sufuria ya kukaangia.

"Nilishika breki kule mteremkoni ikanikatalia," alisema. "Mbele kukazama, tairi likaenda linakotaka lenyewe. Mimi sikusinzia. Sikuona kizunguzungu. Nilikuwa macho kama unavyoniona sasa hivi."

Alinieleza kwamba ndani ya kila shokapu mna springi na oili, na mdomoni mna raba ya duara, inaitwa sili, inayobana bomba ili oili isitoke wala uchafu usiingie. Sili ikichoka, oili inapita. Kilichomshangaza ni kwamba zile hazikutakiwa kuwa zimechoka. Miezi michache nyuma mume wangu, kwa kuona haya mama yake kulala chini ya pikipiki kama kijana wa gereji, aliipeleka mwenyewe kwenye gereji kubwa yenye bango na viti vya kungojea, akalipia matengenezo ya mbele yote, ikarudi inang'aa.

Aliniomba niende duka la vipuri nimletee sili mbili, oili ya shokapu na pedi za breki. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji, hata kifuniko cha chupa kilimshinda. Akasema wazi kwamba kazi ile inataka mikono mitatu na yeye ana mmoja, na kwamba mimi ni mke wa mtu, nikikataa hataninunia. Nilifikiria njia nzima. Nilipoolewa, na mimi niliambiwa nipumzike. Nilikuwa na meza yangu ya kuuza vitambaa, ikaingizwa stoo, na mpaka leo sijajua nilikuwa nimechoka na nini. Nilirudi na vipuri vimefunikwa na mboga.

Jumapili mume wangu alitoka nje na mswaki mdomoni, akasimama ghafla. Pikipiki ilikuwa katikati ya ua, imeinuliwa kwa gogo chini ya injini, na mbele hakukuwa na tairi. Tairi liliegemea ukuta wa jiko. Breki ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani kwa kamba ili mpira wake usivutike, madgadi, kile kikinga matope cha tairi, imelala juu ya ndoo, na mimi, mke wake wa ndoa, nimeikumbatia shokapu ya kushoto kwa mikono miwili huku mama akilegeza boliti zinazoibana pale juu. Vifuniko vya bomba alishavilegeza mapema, shokapu zikiwa bado zimebanwa, maana zikishatoka hupati pa kuzishikilia.

Mume wangu alitema povu, akauliza kuna nini. Mama akamjibu kwamba anasafisha shokapu. Akamkumbusha mnunuzi yuko njiani. Mama akasema anajua. Akamwambia, sasa kwa ukali kidogo, kwamba pikipiki ile imeshauzwa. Mama akasema mtu akiuza kitu chake huwa ana habari, na yeye habari hiyo hana.

"Mama, ufunguo ninao mimi."

"Kaa nao. Mimi nahitaji spana."

Hapo ndipo aliponigeukia. Aliniambia niingie ndani. Hakupaza sauti, aliniambia tu, kwa namna ambayo mke huelewa. Mama hakuinua uso kunitazama, na nadhani alifanya makusudi, nisije nikasema baadaye kwamba yeye ndiye aliyenizuia.

"Nimeshika," nilimwambia mume wangu. "Nikiachia itaanguka."

Yalikuwa maneno machache na yalikuwa kweli tupu, lakini tangu anioe sikuwahi kumjibu hivyo mbele ya mama yake. Alinitazama, akaitazama shokapu, akaenda kusukutua.

Wifi na mnunuzi waliingia pamoja. Muuza maziwa alikuwa mtu mpole, mnene kiasi, amevaa shati la kutokea na kofia ngumu ameishika kwapani, tayari kuondoka na pikipiki. Alimpa mama shikamoo, akaziona zile shokapu zimelazwa juu ya gunia, akauliza kwa adabu kama labda amekosea siku. Wifi yeye aliuliza nani amefanya uharibifu huu.

"Pikipiki ndiyo hiyo, baba," mama alimwambia muuza maziwa. "Ukiweza kuisukuma bila miguu, nenda nayo."

Kicheko kilimtoka kabla hajakiwahi. Wifi akamkata jicho. Muuza maziwa akapewa kigoda na kikombe cha chai, na kwa kweli sikumwona tena akitazama popote isipokuwa mikononi mwa mama.

Wifi alisema yote aliyokuja nayo, na mengine nadhani yalimjia palepale. Kwamba saluni nzima inamuuliza kama hawana uwezo wa kumtunza mzazi. Kwamba kila akisikia pikipiki inapiga breki barabarani anaacha kichwa cha mteja kama kilivyo na kukimbilia mlangoni. Kwamba yeye ndiye mtoto wa kike, na siku mama akiletwa amefunikwa shuka, ni yeye atakayeitwa kumtambua. Alianza kwa hasira akaishia kulia, na kilio chake hakikuwa cha kujifanya. Mama aliacha spana. Alimngoja amalize, akamnyooshea tambara safi afute uso, maana alikuwa nalo karibu.

"Mke wa mwenyekiti aliteleza bafuni akavunjika nyonga," alisema. "Sijasikia watoto wake wanauza bafu."

"Mama, si mzaha huu."

"Sifanyi mzaha. Nitaanguka, mwanangu. Na wewe utaanguka. Ila mimi nataka kwanza nijue nilianguka kwa nini, halafu ndiyo mniuzie vitu vyangu. Kaa uone."

Wifi hakukaa, lakini hakuondoka.

Mama alinielekeza nikandamize kifuniko cha juu kwa kiganja chenye tambara, kwa sababu springi iliyo chini yake hairuhusu masihara. Ukifungua kizembe inakurukia usoni. Nilikizungusha huku nikiukaza uso, kikatoka, na springi ikainuka polepole, ndefu, inachuruzika. Tukaanza na shokapu ya kushoto. Niliipindua juu ya beseni jeupe kama mama alivyonielekeza, nikaisukuma na kuivuta mpaka ikakauka. Oili iliyotoka ilikuwa ya kijivu na ilinuka kama samaki aliyesahauliwa. Tukaja ya kulia. Nikaipindua, tukangoja. Yakatoka matone, kisha uji mweusi wenye chembe za chuma zinazometameta, usiotosha hata kufunika chini ya beseni. Springi ya upande huo ilikuwa inafanya kazi peke yake.

Mume wangu alikuwa amejiegemeza mlangoni, mikono kifuani. Ni dereva, chuma kikifunguliwa karibu naye hawezi kutazama pembeni. Alisogea hatua moja, kisha nyingine, mwisho akawa amechuchumaa kando ya beseni.

Mama alichomeka ncha ya bisibisi chini ya kile kifuniko cha raba kinachokinga vumbi, akakiinua. Chini yake tulitegemea kuona sili. Tuliona gundi. Gundi ile nyeupe ya kuzibia vioo na mabomba ya maji, imemwagwa kuzunguka mdomo wote, imekauka na kushika mchanga. Akaikwangua kwa subira, vipande vipande, akavipanga kwenye kisosi. Sili ilipoonekana ilikuwa ngumu, imepasuka sehemu mbili, na rangi yake imeshakuwa kama ya ukucha mchafu. Haikuwa imeguswa na mtu tangu pikipiki itoke kiwandani. Ya upande wa pili ilikuwa hivyo hivyo, na gundi yake.

Mama alichukua mojawapo ya zile sili mpya, akaiweka kwenye gunia kando ya ile shokapu. Muuza maziwa alishusha kikombe chake.

Mume wangu alikiokota kipande cha gundi, akakivunja kwa vidole, akakinusa. Shingo ilikuwa imemvimba. Nilijua alichokuwa anafikiria: lile bango, vile viti, yule kijana aliyemfungulia mlango na kumwita bosi.

"Wewe ulitoa kwa moyo mzuri," mama alimwambia, kwa upole ambao sikuutegemea. "Walioiba ni wao, na hao nitawafuata. Lakini usinitwike wizi wao mimi ukauita uzee. Miaka yangu haijavuja popote. Iliyovuja ni sili."

Mume wangu alikunja mikono ya shati, akaniomba nimpishe. Boliti iliyokuwa chini kabisa ya shokapu ilikuwa imegoma, inazunguka bila kulegea, na mimi na mama tulishaanza kuitazama kwa chuki. Yeye alirudisha springi ndani, akaegemeza shokapu ukutani, akailalia kwa kifua ili springi ikaze vyuma vya ndani, akaikaza spana mpaka boliti ikalegea. Kisha, mama alipokwisha kutoa klipu, kile kiduara cha waya kinachoishikilia sili, alishika bomba kwa mkono mmoja na kasha la chini linamoingia bomba kwa mwingine, akavuta kwa nguvu, akarudisha, akavuta tena, kila mvuto unagonga zaidi kuliko uliotangulia, mpaka sili ikachomoka na kuviringika hadi miguuni kwa dada yake. Sidhani kama ilihitaji kuvutwa kwa hasira kiasi kile. Mama alimwacha.

Kuanzia hapo hakuna aliyezungumzia kuuza. Kazi ilitutawala. Tuliosha kila kitu kwa mafuta ya taa, bomba, springi, vyuma vidogo vya ndani, nikisugua kwa mswaki wa zamani na kuvipangusa mpaka tambara likawa linatoka jeupe. Mama aliyaviringisha yale mabomba juu ya kioo cha meza ya sebuleni kuona kama yamepinda. Hayakupinda, ila la kulia lilikuwa na vidoa vya kutu pale sili inapopita, na alisema ukiweka sili mpya juu ya kutu ni sawa na kuipitisha kwenye wembe. Akanipa msasa laini uliolowekwa oili, nikasugua kwa kuzunguka mpaka kidole changu kikapita bila kukwaruzwa. Akanikagua, akanirudisha nisugue tena. Muuza maziwa aliomba ajaribu kidogo. Akapewa.

Wakati wa kuvalisha sili, mama alifunika ncha ya bomba kwa kipande cha mfuko wa nailoni uliopakwa oili, ili makali ya chuma yasiuchane mdomo wa raba, akaitelezesha sili taratibu hadi mahali pake, na mume wangu akaigongea kwa kipande cha bomba la plastiki, akizunguka, kidogo kidogo. Oili mpya tuliimimina kwa zamu. Mama alitumbukiza kijiti upande wa kushoto, akakiwekea alama kwa ukucha, akakitumbukiza upande wa kulia, akaongeza, akapima tena. Alisema pande mbili zisipolingana, pikipiki inachechemea hata barabara iwe ya lami. Diski tuliiosha kwa petroli na kuiacha ikauke juani. Pedi za zamani zilizonyonya oili alizitupa kwenye pipa yeye mwenyewe, asije mtu akazionea huruma.

Wifi alikuwa ameingia jikoni wakati fulani. Tulisikia vyombo vinagongana zaidi ya inavyohitajika, kisha akatoka na sinia la chakula, akaliweka juu ya mkeka, akasema watu wasio na akili nao hula. Hakutaka kukaa karibu na mama. Alikaa karibu nami, jambo ambalo kwa siku ile lilikuwa adhabu yangu.

Pikipiki iliposimama tena kwa miguu yake, mume wangu ndiye aliyeulalia usukani. Mbele kulishuka kwa utulivu, kukapanda kwa utulivu, bila mlio wowote. Alirudia mara kadhaa, akitafuta kosa. Muuza maziwa naye akajaribu, akatingisha kichwa, akasema kwa kweli sasa ndiyo anaitaka zaidi kuliko asubuhi. Mama akamwambia hilo analielewa kabisa, lakini haiuzwi, haikuwahi kuuzwa, na aliyemwita amwombe radhi kwa kumpotezea siku. Mume wangu akaomba radhi. Muuza maziwa alisema hajapotezewa chochote, akauliza kama mama angeweza kuiangalia na ya kwake, maana inagonga mbele kila akipita tuta.

"Mimi ni fundi wa vyerehani," mama alimjibu. "Umekaa hapa tangu asubuhi, umeona yote. Nenda kafanye."

Jumatatu asubuhi mume wangu aliitoa pikipiki nje kabla hajaenda yadi. Tuliisikia ikishuka barabara, ikifunga breki, ikigeuza, ikifunga tena. Alipoirudisha aliisimamisha mlangoni, akauacha ufunguo umechomekwa kwenye pikipiki, akachukua koti lake na kuondoka. Hakuaga, na mama hakumwita. Wale wawili wanafanana zaidi ya wanavyotaka kuambiwa.

Mama, ambaye vidole vya kushoto vilishaanza kuweza kubana klachi ndani ya bendeji, alivaa kofia ngumu, akatia kwenye mfuko zile sili mbili zilizopasuka na kisosi chenye gundi, akaniambia nipande nyuma nimshike vizuri. Nilidhani tunakwenda kwa fundi nguo. Tulikwenda gerejini.

Palikuwa na watu kwenye vile viti, waendesha pikipiki waliokuwa wanangojea za kwao, na mmoja au wawili walimfahamu. Mama hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mezani, akaweka kisosi, akaweka sili mbili kando yake, akasema pikipiki yake ilitengenezwa hapa na hivi ndivyo vilivyotolewa ndani yake jana. Msimamizi wa gereji alitabasamu. Alimwita bibi, akasema vipuri huchakaa, kisha akamshika kiwiko kwa upole na kumkaribisha ofisini wakazungumze vizuri, kuna feni.

"Niachie mkono," mama alisema. "Nitasemea hapa hapa, na kwa sauti hii hii."

Na alisema. Hakutukana. Alieleza kitu kimoja baada ya kingine, akinyanyua sili, akinyanyua gundi, akionyesha bendeji, kwa lugha ambayo hata mtu asiyewahi kupanda pikipiki angeielewa. Msimamizi alipoona viti vinaanza kuachwa, alimwambia basi ailete, wataitengeneza upya bure, kila kitu. Mama akamjibu kwamba ya kwake imeshatengenezwa na wenye akili timamu, na kwamba yeye hakuja kwa ajili ya ya kwake. Akamwonyesha pikipiki zilizopangwa uani. "Fungua hizo, wenyewe wakiwa wamesimama hapo wanaona."

Msimamizi alisema haiwezekani, kuna utaratibu. Lakini mwenye pikipiki ya kwanza alikuwa ameshachuchumaa na bisibisi ya mtu mwingine, akiinua raba ya vumbi. Hatukungoja kuona alichokuta. Tulisikia tu sauti zikipanda nyuma yetu wakati mama anawasha injini, na sauti zile hazikuwa za watu wanaokubali kuingia ofisini.

Wifi alikaa muda mrefu bila kuja kwetu. Kile chumba alikijaza makasha ya nywele za kusukia, na televisheni akaihamishia saluni. Alipokuja hatimaye, alikaa na mama barazani, na kwa heshima yote akamwomba amwahidi angalau mambo mawili: asiendeshe mvua ikinyesha, na asipite ule mteremko wa kiwandani. Mama alimshika mkono, akamwambia anaona jinsi anavyompenda, na kwamba mtoto kama yeye hapatikani kirahisi.

Hakuahidi. Wiki ile ile kulikuwa na cherehani kimekwama upande wa pili wa kiwanda, na mawingu yalikuwa yamefunga tangu asubuhi. Alikagua mbele ya pikipiki, akafuta vumbi kwenye mabomba kwa tambara kavu kama anavyofanya siku hizi kabla ya kila safari, akaniangalia mimi niliyekuwa nimetoa meza yangu ya vitambaa stoo na ninaisugua nje, akaniuliza kama ninahitaji msaada wa kuibeba. Nilisema nitaiweza. Akafunga mkanda wa kofia, akaenda.